Kutoka Rajamu hadi Brendi: Historia Fupi ya Msamiati wa Chapa za Biashara katika Kiswahili

Mwanafunzi wa biashara katika vyuo vyetu hujifunza msamiati wa masoko kwa Kiingereza, na mara nyingi hudhani kwamba dhana zenyewe ni ngeni kwa Kiswahili. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba historia haiungi mkono dhana hiyo. Wasemaji wa Kiswahili walizungumzia alama na sifa za bidhaa kabla ya kuwapo somo liitwalo masoko. Tatizo letu si uhaba wa maneno, bali ni kutoyawekea maneno tuliyo nayo mipaka ya maana.

Tuanze na kitambaa. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaleta Zanzibar shehena za nguo za pamba zisizotiwa rangi. Nguo hizo ziliitwa merikani. Katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu safari ya bara, Richard Burton anaitaja merikani pamoja na kaniki, kitambaa cha buluu kutoka India, kuwa miongoni mwa mali zilizotumika kama fedha njiani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilivuruga upatikanaji wake, lakini jina halikufa. Nguo za namna hiyo zilizofumwa kwingineko, India ikiwamo, nazo ziliitwa merikani. Jina la nchi lilikuwa limegeuka kuwa jina la ubora, kisha la aina nzima ya bidhaa.

Mchakato huohuo tunauona baadaye. Dawa ya viatu ya Kiwi ilianza kuuzwa Australia mwaka 1906. Leo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtu huomba “kiwi” bila kujali kopo limeandikwa nini. Sabuni ya unga nayo huitwa omo. Mwanaisimu huona hapa upanuzi wa maana. Mwenye kampuni huona hatari ya kupoteza jina lake.

Aidha, lugha ilikuwa na maneno ya alama zenyewe. Rajamu ni alama ya biashara itiwayo kwenye bidhaa, neno ambalo wanafunzi wengi wa leo hawalijui. Chapa, lenye asili ya Kihindi, lilibeba maana ya mhuri na ya uchapaji, ndiyo maana tunaye Mpigachapa wa Serikali. Nembo ilikuwa alama ya kabila iliyochanjwa mwilini, kabla ya kuwa alama ya taifa na ya shirika. Kanga za Kaderdina wa Mombasa zilijulikana, na zingali zikijulikana, kwa maandishi “Mali ya Abdulla”. Mnunuzi aliyetafuta maandishi hayo kwenye pindo hakuhitaji istilahi ya kigeni ili ajue kwamba jina ni dhamana.

Tanzania Bara, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliiweka biashara kubwa mikononi mwa mashirika ya umma. Mwaka huohuo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo lilikuja kusanifu istilahi za taaluma nyingi. Hata hivyo, palipokuwa na shirika moja la kuuza na bidhaa haba, haja ya kushindania wateja ilikuwa ndogo. Biashara ilipolegezwa masharti katikati ya miaka ya 1980, matangazo na vyeo vya kazi viliingia vikiwa na Kiingereza chake. Kutokana na hali hiyo tulipata ofisa masoko, ambapo umoja, soko, ni mahali, na wingi ni taaluma. Tulipata pia brendi, neno lililo jirani mno na brandi, ambayo ni kinywaji kikali.

Je, jambo hili lina uzito gani? Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ni ya mwaka 1986, na mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Mjasiriamali anayelalamika kwamba bidhaa yake imeigwa hana budi kueleza ni kitu gani hasa kilichoibwa: jina, mchoro, au sifa aliyoijenga kwa miaka. Akisema “chapa” kwa yote matatu, dai lake litakosa makali.

Napendekeza, basi, kwamba alama ya biashara ibaki istilahi ya kisheria. Nembo iwe mchoro. Na chapa iwe jina pamoja na sifa inayoambatana nalo katika fikra za wanunuzi. Rajamu nayo irudishwe katika mafunzo ya historia ya lugha. Kiingereza cha biashara kifundishwe, tena kifundishwe vizuri. Lakini mwanafunzi atakielewa vyema zaidi akiingia darasani akijua kwamba bibi yake, alipokuwa akichagua kanga dukani, alikuwa tayari amelijua somo.