Hukuchoka, Hujajibiwa: Historia Fupi ya Kusomea Mbali, Kutoka Karungu

Nimepotea kidogo, na wengi mnajua kisa: shahada. Kwa aliyejiunga nasi leo, mimi hutengeneza programu za tarakilishi hapa Karungu, pembeni mwa soko la Sori, Kaunti ya Migori, na usiku nasomea shahada ya sayansi ya tarakilishi kwa elimu ya masafa. Huu ni mwaka wa nne. Umebaki mradi mmoja wa mwisho, na tarehe ya kuuwasilisha ni wiki tatu kutoka leo.

Swali ninaloulizwa sana kwa barua pepe ni hili: moyo wa kuendelea unautoa wapi? Nitasema ukweli. Mwaka jana moyo wenyewe sikuwa nao. Niliacha masomo kimyakimya, bila kumwambia mtu, miezi miwili mizima.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu nilituma kazi ya somo la hifadhidata. Tovuti ikaniandikia papo hapo: "Imepokelewa." Nikangoja. Mwezi wa nne kimya, wa tano kimya. Mwezi wa saba nikaona nambari tu, 54, bila neno hata moja kando yake. Sikujua nimekosea wapi wala nimepatia wapi. Tangu hapo kila nikifungua masomo usiku, nayafunga tena baada ya dakika tano na kujiambia kwamba nimechoka.

Aliyenirudisha ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuja nimsaidie kujaza fomu mtandaoni, akaona vitabu vyangu vimewekwa juu ya kabati, vumbi tele. Akauliza:

"Nyathina, ulianguka mtihani?"

"Hapana Mwalimu, nilipita. Nimechoka tu."

"Hukuchoka. Hujajibiwa."

Neno hilo lilinishangaza, nikamwomba aeleze. Akanisimulia jinsi naye alivyosoma akiwa hapahapa Karungu, miaka ya 1970, kwa bahasha na stempu. Baadaye nikaanza kusoma historia ya jambo hili, na leo nataka niwagawie nilichokipata, maana nadhani Mwalimu alisema kweli.

Tuanze mbali. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya bei moja: peni moja, barua iende popote nchini. Mwalimu mmoja wa mji wa Bath, Isaac Pitman, akaona nafasi. Alikuwa amebuni mtindo wa hatimkato, akaanza kuufundisha kwa kadi za posta. Mwanafunzi ananakili maandiko kwa hatimkato, anatuma, Pitman anasahihisha na kurudisha. Hapo ndipo wengi huhesabu mwanzo wa elimu kwa njia ya posta. Angalieni vizuri lakini: kutuma masomo kwa barua ni jambo ambalo yeyote angeweza kulifanya. Nguvu ya Pitman ilikuwa katika kadi iliyorudi ikiwa na masahihisho.

Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mlango mkubwa zaidi. Kilimruhusu mtu kufanya mitihani yake ya shahada bila kuhudhuria chuo chochote, na mwaka 1865 mitihani hiyo ilikuwa imefika Mauritius, katika Bahari yetu ya Hindi. Lakini chuo kilitoa mtihani na shahada tu. Kufundishwa, jitegemee. Pengo hilo likazaa vyuo binafsi vya posta kama Wolsey Hall ya Oxford, iliyoanza mwaka 1894. Watu walilipa pesa zao ili wapate mtu wa kuwasahihishia kazi, ingawa mtihani wangeweza kuufanya bila yeye.

Huku kwetu vyuo vya aina hiyo viliwafikia vijana ambao serikali ya kikoloni haikuwa na nafasi yao. Mfano wa karibu ni Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, kaskazini ya hapa ukishavuka milima ya Gwassi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika baraza la jiji la Nairobi, na jioni alisoma uchumi kwa posta kutoka chuo kimoja cha Afrika Kusini. Wakati huohuo alikuwa akiongoza wafanyakazi katika chama. Mwaka 1955 akaenda Chuo cha Ruskin, Oxford, na mwaka 1959 akawa mstari wa mbele kuwasafirisha wanafunzi 81 kwa ndege moja kwenda kusoma Marekani. Hao 81 walipata viti darasani. Yeye alianzia kwenye bahasha.

Sasa tumrudie Mwalimu wangu. Kenya ilipopata uhuru, shule za msingi zilijaa walimu ambao hawakuwa na sifa za kutosha. Kuwaondoa shuleni wakasome kulimaanisha madarasa yabaki bila mtu. Kwa hiyo mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo ya posta chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi (wakati huo kikiitwa University College), makao yake Kikuyu, kwa msaada wa serikali ya Marekani na Chuo Kikuu cha Wisconsin. Masomo yenyewe yalianza mwaka 1968. Walimu wa daraja la chini waliandaliwa kufanya mtihani wa sekondari ya chini, na aliyefaulu alipandishwa daraja na mshahara.

Mpango ule ulikuwa na sehemu nne: vitabu na mwongozo kwa posta, vipindi katika redio ya Sauti ya Kenya, kazi za kuandika zilizosahihishwa na kurudishwa, na vikao vya ana kwa ana wakati wa likizo za shule. Mimi kama mtengenezaji programu nilipoona orodha hiyo nilisimama kidogo. Hakuna tarakilishi hata moja mle, lakini ukipanga vizuri mfumo wa leo wa kufundishia mtandaoni, sehemu zako ni hizohizo.

Mwalimu anakumbuka kusoma kwa koroboi, redio ikiwa imeegemezwa dirishani ili ishike mawimbi. Anakumbuka zaidi wino mwekundu. "Mtu wa Kikuyu ambaye hajawahi kuniona," aliniambia, "aliniandikia kwamba jibu langu la tatu ni zuri lakini nimesahau kutaja sababu. Karatasi hiyo niliisoma mara kumi. Nikajua kuna mtu ananingoja."

Alikuwa na rafiki, mwalimu pia, upande wa Gwassi. Walijiandikisha mwaka mmoja. Rafiki huyo, kwa maneno yake, alikuwa mwerevu kumshinda. Tofauti yao ilikuwa sanduku la posta. Barua za Mwalimu zilikuja kwa sanduku la shule, na kila wiki alikuwepo mtu wa kuzichukua. Za rafiki yake zilipitia kwa mwenye duka ambaye alisafiri sana, na karatasi zilizosahihishwa zikakaa humo miezi. Rafiki alituma kazi ya kwanza, akatuma ya pili, akangoja, kisha akaacha. Watu walisema hana bidii. Yeye mwenyewe aliamini hivyo mpaka akafa. Mwalimu alifanya mtihani, akaanguka, akaurudia, akafaulu.

Kisa hiki kimenikaa kichwani kuliko vitabu vyote nilivyosoma kuhusu motisha. Watu wawili, kazi moja, ziwa moja, umaskini mmoja. Mmoja alijibiwa.

Na Karungu yenyewe haikuwa mgeni wa kujibiwa kutoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 mifupa ya kale iliyookotwa hapa ilipelekwa Makumbusho ya London. Mwaka 1911 mtaalamu C. W. Andrews akaandika kwamba ni ya mnyama mpya kwa sayansi, jamaa wa tembo mwenye pembe zilizopinda kuelekea chini, akampa jina la Hobley, afisa wa serikali ya kikoloni. Mwaka huohuo mwanajiolojia Felix Oswald akatumwa kuja kuchimba hapahapa. Kilichotumwa kilijibiwa, na jibu likaleta kazi zaidi.

Sisi watu wa mitandao tunalijua jambo hili kwa jina jingine. Mwaka 1974 Vint Cerf na Bob Kahn walichapisha mpango wa mawasiliano ambao leo unaitwa TCP, ndio unaobeba sehemu kubwa ya intaneti. Tarakilishi ikituma kifurushi cha data, hungoja uthibitisho kutoka upande wa pili. Usipokuja, hutuma tena. Usipokuja tena, hungoja muda mrefu zaidi kabla ya kujaribu. Kimya kikizidi, hukata muunganisho. Hakuna anayeilaumu tarakilishi kwamba imekosa moyo. Imefanya inavyopaswa kufanya yeyote anayezungumza na kimya.

Tena kuna jambo la ndani zaidi. Uthibitisho wa TCP unasema tu kwamba kifurushi kimefika kwenye mashine ya pili. Hausemi kwamba programu iliyokusudiwa imekisoma. Anayechanganya mambo haya mawili huzaa hitilafu ngumu sana kuipata. Ile "Imepokelewa" niliyoandikiwa na tovuti mwezi wa tatu ilikuwa uthibitisho wa mashine. Wino mwekundu wa Kikuyu ulikuwa uthibitisho wa msomaji. Mwanafunzi wa mbali anaishi kwa huu wa pili.

Ukiangalia vyuo vilivyofuata, utaona vilivyojengwa vizuri vililijua hili. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kilijulikana kwa vipindi vya televisheni, lakini kila mwanafunzi alikuwa na mkufunzi wa kumsahihishia kazi. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya ualimu kwa masafa, wanafunzi wakikutana na wahadhiri wakati wa likizo za shule. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kazi mwaka 1993, kilieneza vituo vyake mikoani ili mwanafunzi awe na mlango wa kubisha hodi.

Kisha ikaja intaneti ya kasi, na kozi za bure zilizofunguliwa kwa dunia nzima. Mnamo 2019 watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente waliandika katika jarida la Science kuhusu kozi za Harvard na MIT zilizowekwa mtandaoni. Kati ya wote walioshiriki mwaka wa 2017–18, waliomaliza walikuwa takriban asilimia 3. Kweli, wengi walikuja kuchungulia tu. Hata hivyo somo linafika kwa sekunde siku hizi, na wengi bado wanaacha. Kasi ya kupeleka haikuwa tatizo.

Kenya nayo sasa ina Chuo Kikuu Huria chake, kilichopewa hati mwezi wa nane 2023, makao yake Konza. Ninakitakia heri. Dua yangu ni kwamba pesa za seva zisile zile za wasahihishaji.

Na wewe unayesoma usiku peke yako ufanye nini, kama chuo chako hakijibu? Nawapa nilichofanya mimi. Kwanza nilimwandikia mhadhiri swali moja dogo, la wazi, badala ya malalamiko marefu. Swali moja hujibika. Pili, nilitafuta wanafunzi wawili wa kozi yangu, mmoja Homa Bay na mwingine Kisumu, tukakubaliana kusomeana kazi kabla ya kutuma. Tatu, na hili ndilo lililonishika, nilimwomba Mwalimu awe msomaji wangu.

Yeye hajui hifadhidata ni nini. Nikaandika programu ndogo ambayo kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni humtumia ujumbe wa simu: wiki hii nimeandika kurasa ngapi, na maelezo mafupi ya nilichojifunza. Nilidhani atajibu "sawa". Ijumaa ya kwanza alijibu: "Nimesoma. Sijaelewa kwa nini majedwali mawili na si moja. Nieleze kesho." Ilibidi nimweleze chini ya mwembe wake, kwa mfano wa daftari la wavuvi na daftari la mitumbwi. Nilipomaliza nilielewa mimi mwenyewe kosa langu katika ile 54.

Mandela alianza kusomea sheria mwaka 1943 akaipata shahada hiyo mwaka 1989, kupitia UNISA, chuo cha masafa, akiwa bado mfungwa. Miaka 46. Watu hukitaja kisa hicho kusifu moyo wake, nao ni wa kusifiwa kweli. Lakini wengi wetu si Mandela, na hatuhitaji kuwa yeye ili tumalize shahada. Tunahitaji sanduku la posta linalofunguliwa kila wiki.

Kama una ndugu au jirani anayesoma hivi, usimwambie ajipe moyo. Mwombe ukurasa mmoja, usome, umuulize swali.

Haya, leo ni Alhamisi, na sura ya nne ya mradi haijaisha. Kesho jioni Mwalimu anangoja. Tukijaliwa, tukutane tena baada ya wiki tatu.