Lebo Chini ya Bawa

Katika vilima vingi vya Afrika Mashariki na ya Kusini huruka kipepeo anayebadili nguo kwa kufuata majira. Wakati wa mvua mabawa yake huwa ya rangi ya chungwa iliyokolea, yenye madoa meusi. Kiangazi kikishika, kizazi kinachofuata hutoka cha buluu, kikiwa na mstari wa alama nyekundu. Ukiwaweka wawili hao sahani moja, hakuna atakayekubali kwamba ni ndugu. Wataalamu wa Ulaya, ambao walikuwa wakiletewa vipepeo wakavu ndani ya visanduku, hawakukubali pia. Yule wa chungwa aliitwa octavia tangu karne ya 18. Yule wa buluu akapewa jina la sesamus mwaka 1883. Majina mawili, vitabu viwili, droo mbili tofauti.

Mwaka 1898 Guy Marshall, Mwingereza aliyekuwa akiishi Salisbury, mji tunaouita leo Harare, alifanya jambo ambalo mkulima yeyote angelifanya mapema zaidi. Alichukua mayai ya jike wa rangi ya chungwa, akawalisha viwavi, akasubiri. Akatoka kipepeo wa buluu. Ubishi ukaisha kwa yai moja.

Kisa hicho kinaeleza historia nzima ya kuwatambua na kuwaandika vipepeo wa nyanda za juu. Rangi ya bawa ndiyo inayomvuta mtu, na rangi hiyohiyo ndiyo iliyowapoteza wengi. Kilichowarudisha njiani ni mambo ambayo hayaonekani kwenye bawa: mahali kipepeo alipopatikana, mwinuko wa mahali hapo, mwezi, na jani alilotagia mama yake.

Mikusanyo ya mwanzo haikujali sana hayo. Vipepeo wengi wa Kenya walioingia kwenye makumbusho ya Ulaya miaka ya mwanzo ya ukoloni wana lebo yenye herufi tatu tu, B.E.A., yaani Afrika Mashariki ya Mwingereza. Nchi nzima, kutoka mikoko ya pwani hadi theluji ya Mlima Kenya, imefungwa katika herufi tatu. Kipepeo wa namna hiyo ni pambo. Huwezi kumuuliza aliishi msitu gani, wala kama msitu huo bado upo.

Ndiyo maana kazi ya Yngve Sjöstedt inastahili kukumbukwa. Msweden huyu alifika Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, akaweka kambi Kibong'oto, upande wa magharibi wa mlima, mahali ambapo leo Watanzania wanapafahamu kwa sababu ya hospitali ya kifua kikuu. Sjöstedt hakuridhika kuandika "Kilimanjaro". Aliandika Kibong'oto, akaandika mita za mwinuko, akaandika pia kama mdudu alipatikana kwenye ukanda wa mashamba ya migomba, msituni au kwenye nyasi za juu. Vipepeo wake walichambuliwa na Christopher Aurivillius, na matokeo ya safari yote yakatolewa katika majuzuu makubwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mtu anayepanda njia hiyohiyo anaweza kulinganisha: nani alikuwa akiruka mita 1,500, na nani yuko hapo sasa.

Mlima hauna kipepeo mmoja wa kila mahali. Panda kutoka uwanda wenye joto hadi msitu wa ukungu na utakuwa umevuka tabaka baada ya tabaka, kila moja na wakazi wake. Ukikosa mwinuko kwenye lebo, umekosa nusu ya habari.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vya kawaida mno: wavu wa kitambaa chepesi kwenye mti mrefu, na karatasi zilizokunjwa pembetatu. Kipepeo hulazwa ndani ya karatasi mabawa yakiwa yamefumbwa, na juu yake huandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huchuruzika ukipata unyevu. Akifika mezani hulainishwa kwa mvuke wa mchanga uliolowa, hupigwa pini, kisha mabawa hutandazwa ubaoni, na lebo hukaa kwenye pini hiyohiyo. Kwa vipepeo wakubwa wenye nguvu wa jenasi ya Charaxes, wanaoruka juu ya vilele vya miti na kumcheka mwenye wavu, dawa ni chambo. Ndizi zilizoiva hadi kuchacha huwekwa chini ya mtego wa chandarua. Charaxes hupenda vitu vilivyooza, na akishakunywa hurukia juu, si pembeni, akajifungia mwenyewe.

Aliyewapenda Charaxes kuliko wote ni daktari wa meno. V.G.L. van Someren alizaliwa Australia mwaka 1886, akaishi Kenya sehemu kubwa ya maisha yake, na kwa miaka mingi aliongoza makumbusho ya Nairobi. Kuanzia 1925, yeye na kasisi K. St. Aubyn Rogers, mmisionari aliyefanya kazi Rabai, walichapisha kwa awamu orodha ya vipepeo wa Kenya na Uganda katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Nairobi. Hapo ndipo maarifa haya yalipoanza kuchapishwa karibu na vipepeo wenyewe. Van Someren alielewa somo la Marshall. Kwa Charaxes weusi, ambao madume hufanana kama mapacha na majike hutofautiana kama watu wa makabila mbalimbali, alijua kwamba pini haitoshi. Aliwafuga. Akiwa na miaka karibu 88, mwaka 1974, bado alikuwa akichapisha: orodha ya mimea wanayokula viwavi wa vipepeo wa Afrika Mashariki. Si kitabu cha picha za kupendeza. Ni majina ya kipepeo na majina ya mmea, ukurasa baada ya ukurasa, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa kurasa zenye manufaa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kuhusu viumbe hawa.

Huko Kitale, karibu na Mlima Elgon, mkulima T.H.E. Jackson alijenga mmoja wa mikusanyo mikubwa kabisa ya vipepeo wa Afrika. Hakuujenga peke yake. Aliwafundisha vijana Waafrika kukamata, kufunga karatasi na kuandika, akawatuma hadi misitu ya nchi za mbali ambako walikaa miezi. Hao ndio walioijua njia, waliotofautisha kwa jicho kipepeo wa kawaida na yule ambaye bwana hajampata, waliosimama kwenye matope ya kingo za mito kwa saa nzima wakingoja dume mmoja ashuke kunywa. Desturi ya makumbusho ya enzi hiyo ilikuwa kuandika kwenye lebo jina la mwenye mkusanyo. Jina la mwenye miguu mara nyingi halikuandikwa. Ni pengo linalouma, kwa sababu lebo ileile iliyodai ukweli kuhusu mwinuko na mwezi ilinyamaza kuhusu mtu aliyefanya kazi.

Kisha kuna Papilio dardanus. Huyu ndiye aliyewafanya wataalamu wakose usingizi. Dume lake ni rahisi: manjano iliyofifia, michirizi myeusi, na mikia miwili nyuma. Anaonekana kwenye misitu ya Afrika Mashariki hata na mpita njia. Jike lake ni mambo mengine kabisa. Katika bara la Afrika majike wengi hawana mikia na hawana rangi ya dume. Mmoja ni mweusi na mweupe, mwingine ni wa chungwa na mweusi, mwingine kahawia mwenye madoa. Kila mmoja ameiga sura ya kipepeo mwingine ambaye ndege hawamli kwa sababu ana sumu. Kwa muda mrefu majike hao walihesabiwa kuwa aina mbalimbali, hadi Roland Trimen wa Cape Town alipodai mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja. Wapo waliomcheka. Walinyamaza pale ufugaji ulipoonyesha kwamba mayai ya jike mmoja yanaweza kutoa sura kadhaa.

Nyanda za juu za Kenya ziliongeza jambo ambalo bonde halingeweza kulisema. Watafiti walihesabu. Entebbe, kando ya Ziwa Nyanza, vipepeo wenye sumu walikuwa wengi kupita kiasi kuliko waigaji wao, na majike wa dardanus waliokosea kuiga walikuwa wachache mno, chini ya mmoja katika kila 20. Eneo la Nairobi, juu kwenye baridi, wenye sumu walikuwa adimu kuliko waigaji, na huko karibu theluthi moja ya majike walikuwa na sura za ovyo, zisizofanana sawasawa na yeyote. Maana yake ni wazi. Ndege asiyekutana na mwenye sumu hajifunzi kumwogopa, kwa hiyo hakuna anayemchuja mwigaji mbaya. Hoja hiyo, mojawapo ya ushahidi mzuri wa uteuzi wa asili uliopatikana porini, ilisimama juu ya hesabu ya vipepeo wa kawaida. Mkusanyaji aliyetafuta adimu peke yake asingeweza kuitoa. Ilimhitaji mtu aliyekamata kila kilichopita na kuandika kila alichokamata.

Van Someren ndiye pia aliyewapa majina wakazi wawili wa Milima ya Taita. Cymothoe teita aliandikwa mwaka 1939. Papilio desmondi teita, mwenye ukanda wa buluu unaong'aa, mwaka 1960. Hawapatikani kwingine duniani. Misitu ya asili wanayoishi imebaki vipandevipande juu ya vilele: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo zaidi, vikizungukwa na mashamba na mikaratusi. Kiwavi wa Cymothoe teita hula mti wa msituni, Rawsonia, ambao hauoti katika shamba la mahindi. Hapa mwinuko, jani na jina vimefungamana kiasi kwamba ukikata kimoja vyote vinakwenda.

Maarifa ya jani yaliendelea mahali ambapo hakuna aliyeyatarajia. Mwaka 1993, Gede karibu na Malindi, mtaalamu wa vipepeo Ian Gordon alianzisha mradi wa Kipepeo, ambao uliwafundisha wakazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Miaka kama 10 baadaye wazo hilo lilipanda mlima hadi Amani, Usambara Mashariki, chini ya shirika la uhifadhi wa misitu la TFCG. Amani ilikuwa na sifa ya utafiti tangu Wajerumani walipojenga kituo chao cha kilimo na biolojia mwaka 1902. Safari hii watafiti walikuwa wanakijiji, wengi wao kina mama.

Mfugaji hawezi kujidanganya kwa rangi. Jike huwekwa ndani ya kizimba cha wavu pamoja na mche. Kama mche si wake hatagi, au anataga na viwavi wanakufa njaa. Ilibidi wafugaji waijue miche, wajue ni ipi ya jamii ya michungwa inayopendwa na dardanus, waipande karibu na nyumba, wajue siku za yai na siku za kiwavi, na wajue pupa itapasuka lini ili isipasukie ndani ya ndege. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo. Soko likafungwa. Elimu ya miche ilibaki vijijini, vichwani mwa watu ambao hakuna jarida lililowachapisha.

Leo simu imechukua nafasi ya pini. Mtu akipiga picha Ngangao au Amani na kuituma kwenye hazina za kumbukumbu kama iNaturalist, mahali na tarehe vinajiandika vyenyewe, pamoja na jina lake. Kwa vipepeo wakubwa hilo linatosha. Kwa wadogo wa buluu, jamii ya Lycaenidae, picha ya juu ya bawa haisemi mengi. Inabidi kumpiga akiwa amefumba, kwa sababu vidoa vya chini ndivyo vinavyowatenganisha, na hata hivyo baadhi yao hutambulika kwa darubini tu. Viwavi wa wengi wao huishi na sisimizi, wakiwapa utamu na kupata ulinzi. Milimani bado kuna Lycaenidae wenye majina rasmi, wenye lebo safi zenye mwinuko na mwezi, ambao yai lao halijawahi kuonekana na mtu yeyote.