Mmenyuko: Zinki Imekwenda Wapi?

Wapishi wa Tanga hawaweki achari ya ndimu katika kopo la bati. Huitia katika chupa ya kioo, kwa sababu ndimu "inakula" bati. Kitenzi hicho kimeenea mjini kote: kutu imekula paa, maji ya betri yamekula suruali ya fundi. Mtoto wa shule ya msingi huingia darasani akiwa nacho tayari, na mwalimu anayekidharau anatupa nusu ya somo lake.

Sayansi, hata hivyo, inataka neno jingine, nalo ni mmenyuko. Kuna sababu. Anayesikia "kula" hudhani kwamba asidi imebaki vilevile na metali imetoweka. Katika mmenyuko hakuna kinachotoweka, na pande zote mbili hubadilika. Zinki ikitiwa katika asidi hidrokloriki huzaliwa zinki kloridi, ambayo huyeyuka majini isionekane, na gesi ya haidrojeni, ambayo ndiyo mapovu anayoyatazama mtoto. Gesi hiyo ikizuiwa isitoke, uzito wa vyote kabla na baada ni uleule.

Zinki kloridi huitwa chumvi. Hapo pana hatari. Kwa mtoto wa wilaya ya Mkinga mkoani Tanga, ambako maji ya bahari hukaushwa juani, chumvi ni kitu cha mboga. Aelezwe mapema kwamba katika kemia hilo ni jina la ukoo mzima, na kwamba wengi katika ukoo huo hawaonjwi.

Metali nayo inahitaji uangalifu. Mtaani tunaita karibu kila metali "chuma". Mwalimu akisema asidi humenyuka na chuma, mwanafunzi atahesabu na shaba humo, ilhali shaba haitoi haidrojeni katika asidi hidrokloriki. Neno "chuma" libaki jina la metali moja tu.

Vifaa havikosekani. Chukua glasi mbili za maji ya ndimu. Katika moja tia msumari mpya wa bati, ule uliopakwa zinki. Katika nyingine, kipande safi cha waya wa shaba. Asidi ya ndimu ni dhaifu, kwa hiyo subira inahitajika, lakini mapovu madogo yataushika msumari na waya utabaki kimya. Maji ya betri yasiguswe kabisa: ni asidi salfuriki, huunguza ngozi na kupofusha macho. Hiyo ndiyo tindikali ambayo watoto huisikia katika habari za watu waliomwagiwa usoni, na wengi hawajui kwamba ndimu ya jikoni nayo ina asidi.

Mtoto huyu akifika sekondari ya serikali atafundishwa kemia kwa Kiingereza. Asipoelewa mmenyuko kwa Kiswahili, atakariri tu jina jipya. Walimu wa Tanga, tangulizeni glasi na msumari, kisha waulizeni watoto zinki imekwenda wapi. Wakishabishana vya kutosha, ndipo neno liandikwe ubaoni.