Lengalenga za Asiatique

Mtaa wa Asiatique hautajwi kabisa kwenye mambo ya kilimo. Mwambie mtu wa Bujumbura kwamba unaandika historia ya bustani za Asiatique, atacheka: Asiatique si maduka, magodauni na misikiti tu? Ni kweli. Lakini nyuma ya maduka kuna nyua, na nyua zile zimelimwa, zikaachwa, zikalimwa tena. Mi naamini ukizifuata mboga zake utajua watu wa kila kipindi walitegemea kukaa kwa muda gani.

Wajerumani waliweka boma lao kando ya ziwa mwaka 1897, mji ukaitwa Usumbura. Biashara ikafuata: Wahindi, Waarabu wa Oman, Waswahili waliotokea upande wa Ujiji. Wabelgiji walipoingia 1916 wakaja kuupanga mji kwa rangi. Wazungu kwao, Waafrika Buyenzi na ule mtaa ulioitwa Belge, ambao leo ni Bwiza, na Waasia kwenye mtaa wao, ndiyo maana jina la Kifaransa limebaki hadi leo. Buyenzi ilikuwa parseli ndogo, nyumba zimebanana, avenyu zina namba. Asiatique ilikuwa duka mbele, familia katikati, ua nyuma.

Ule ua ndio habari yenyewe. Mwenye duka alipanda mwembe, mndimu, na mlonge, ambao maganda yake marefu yanaingia kwenye mchuzi wa Kihindi. Chini yake kotmiri, uwatu, bamia. Mtu anayepanda mwembe wa kokwa anajua atasubiri miaka mitano au zaidi, kwa hiyo hawa watu waliotoka ng'ambo ya bahari walikuwa wamekata shauri kubaki. Halafu kulikuwa na wapishi na walinzi walioshuka kutoka milimani, nao hawakuja mikono mitupu. Kwenye rugo, yaani boma la Mrundi, shamba zuri kuliko yote ndilo linaloigusa nyumba, kwa sababu majivu, maganda na samadi ya ng'ombe vyote vinaishia hapo. Migomba inakaa hapo, maboga hapo, mboga za majani hapo. Wakaileta akili hiyo mjini. Pembeni ya kotmiri ya tajiri zikaota lengalenga, matembele na intore, zile nyanya chungu zetu.

Baada ya uhuru wa 1962 bustani zilififia. Sababu si siasa, ni uvivu mtamu wa mjini: soko kuu lilikuwa karibu, na kabichi na karoti zilishuka kwa gari kutoka Bugarama, juu kule zaidi ya mita 2,000, kwenye baridi inayozifaa. Nyua zikamwagwa saruji. Kununua mboga ikawa heshima, kulima uani ikawa ushamba.

Oktoba 1993 Rais Ndadaye akauawa, na mambo yakageuka. Zikaja siku za "ville morte", mji unafungwa, huendi sokoni wala kazini. Barabara ya kwenda Bugarama ikawa ya kuviziwa. Julai 1996, baada ya Buyoya kupindua serikali, nchi jirani zikaweka vikwazo, vikakaa hadi Januari 1999. Mafuta ya gari yakawa dhahabu, na kabichi ikapanda bei nayo.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa amepanga chumba cha uani Asiatique wakati huo. Akavunja kipande cha saruji kwa nyundo ya kuazima. Kila mjukuu akapewa mstari wake wa lengalenga na kopo lake, maji yalikuwa yale ya kuoshea mchele, mbolea ilikuwa mavi ya kuku wa jirani. Tulishindana kama mpira! Nyakati za risasi tulilala chini, asubuhi tunakimbilia kuangalia mstari wa nani umeinuka. Njaa ndiyo ilianzisha, lakini vikwazo vilipoondolewa bibi hakurudisha saruji. Tulikuwa tumeshapenda.

Sasa angalia kilichopandwa. Lengalenga inavunwa baada ya wiki tatu au nne. Matembele unachomeka kipande cha shina tu. Miaka yote hiyo sikuona mtu aliyepanda mwembe.

Sisi tuliokimbia 2015 tulikuja na mikono hiyo hiyo hapa Nyarugusu. Waliotutangulia, wale wa 1972, walipewa ardhi Katumba, Ulyankulu na Mishamo, wakalima hata kufika 1985 wakawa wanajilisha wenyewe, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 walipata uraia wa Tanzania. Kwao ukienda utakuta miembe. Sisi sheria inatutaka tukae ndani ya kambi, na shamba letu ni kipande kati ya mlango na mfereji. Agosti 2017 mgao wa chakula uliposhushwa hadi asilimia 62, ndipo magunia ya udongo yalipojaa kila mstari wa nyumba, yametobolewa ubavuni, mboga zinachungulia.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa nina neno. Mwaka fulani tuliletewa mbegu za kabichi na karoti. Asante, lakini kabichi inataka ile baridi ya Bugarama, inakaa miezi mitatu shambani na inakunywa maji ambayo tunayapangia foleni. Lengalenga hatujawahi kununua mbegu. Unaacha mashina mawili yatoe ua, yakikauka unayakung'uta juu ya kitenge, unapata mbegu za mtaa mzima. Mngetuuliza tungewaambia.

Jirani yangu na mkewe wamebishana tangu masika. Mke anasema orodha za kurudi nyumbani zinasomwa kila siku, kwa nini kupoteza nafasi? Mume amepanda papai, maana papai halikai hata mwaka mmoja na nusu kabla ya kuzaa. Mpapai wenyewe umeshafika kiunoni. Mke ndiye anayeumwagilia.