Jinsi ya kubuni bango la filamu fupi ya wanafunzi

KIZURI chajiuza, walinena wahenga. Hata hivyo, filamu fupi ya wanafunzi, iwe nzuri namna gani, haijiuzi. Haina waigizaji mashuhuri wala fedha za matangazo ya redio. Aghalabu huonyeshwa siku moja tu, na huenda bango likaamua iwapo viti vya ukumbi vitajaa au vitasalia wazi.

Mpita njia hulitupia bango jicho mara moja tu. Kwa sababu hiyo, bango bora hubeba wazo moja.

Wazo

Kabla ya kugusa kompyuta, mbunifu sharti aitazame filamu au asome mswada wake, kisha ajiulize: mhusika mkuu anataka nini, na ni kipi kinachomzuia? Picha ya bango huzaliwa na jibu hilo. Katika bango la filamu ya Jaws (1975), lililotokana na mchoro wa Roger Kastel, mwanamke anaogelea juu ya maji huku papa mkubwa akipanda kutoka chini. Hatari inaonekana pasipo maelezo.

Asiye na kamera nzuri anaweza kujifunza kwa Saul Bass. Bango lake la Anatomy of a Murder (1959) ni umbo la mwili wa binadamu lililokatwa vipande. Mbinu kama hiyo huweza kuanza kwa karatasi na mkasi.

Picha

Picha za bango zapasa kupigwa wakati filamu inaporekodiwa, kabla waigizaji hawajatawanyika na mavazi kurudishwa kwa wenyewe. Kutegemea picha iliyotolewa kwenye video kuna hasara. Picha ya video yenye pikseli 1920 kwa 1080, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa kila inchi, hufikia upana wa takribani sentimita 16 pekee, ilhali karatasi ya A3 ina sentimita 29.7 kwa 42. Ikitanuliwa zaidi, hupoteza ukali wake.

Maandishi

Jina la filamu lisomeke kutoka mbali. Tarehe, saa, ukumbi na kiingilio vifuate kwa herufi zilizo wazi. Aina mbili za herufi zatosha. Majina ya mwelekezi, waigizaji na wasaidizi huwekwa chini, nayo yahakikiwe moja baada ya jingine. Kwa mwanafunzi aliyeigiza bila malipo, jina hilo huenda ndilo ujira wake wote. Kulikosea ni kumdhulumu.

Uchapishaji

Kioo cha kompyuta huunda rangi kwa nuru, ilhali mpiga chapa hutumia wino. Rangi zinazong'aa kiooni huweza kufifia karatasini. Yafaa nakala moja ichapishwe kwanza na kukaguliwa. Aidha, milimita 3 za ziada huachwa kila upande ili karatasi ikikatwa isibaki na ukingo mweupe.

Sheria na uaminifu

Nchini Kenya, Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani (Sura ya 222) huipa Bodi ya Kuainisha Filamu (KFCB) mamlaka ya kukagua filamu pamoja na mabango yake. Ni busara kuwasiliana nayo mapema kabla ya kubandika.

Hatimaye, bango ni ahadi. Likionyesha bunduki ilhali filamu yasimulia huzuni ya mjane, watazamaji watahisi wamehadaiwa, na filamu ijayo ya wanafunzi hao itakosa wa kuitazama.