Rafu Tupu: Mkopo na Ushindani wa Maduka Mbale, 1972 hadi 2021

Historia ya maduka nchini Uganda mara nyingi husimuliwa kama ngazi: kwanza soko la wazi, kisha duka la Mhindi, kisha supamaketi, na kila jipya humfukuza mtangulizi wake. Simulizi hiyo hututia hofu nyumbani kwetu Malukhu, mjini Mbale, kwa kuwa karo yangu hutoka katika duka dogo la mama. Katika insha hii ninaipinga. Hoja yangu ni kwamba duka, liwe kubwa au dogo, huanguka zaidi kwa kukatika kwa mkopo kuliko kwa kuja kwa mshindani.

Kabla ya 1972 sehemu kubwa ya biashara ya Mbale na Jinja ilikuwa mikononi mwa Waasia. Mwenye duka la jumla alichukua bidhaa kwa mkopo kutoka kwa waagizaji, naye akamkopesha mchuuzi mdogo. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yao yaligawiwa watu ambao wananchi waliwabandika jina la mafuta mingi. Majengo yalibaki, na bidhaa nyingi pia. Kilichoondoka ni uaminifu kati ya muuzaji na anayemletea mali. Wengi waliuza walichokikuta, na kilipokwisha hawakujua pa kupata kingine. Kakira, karibu na Jinja, miwa ilikuwa mlangoni, lakini kiwanda cha akina Madhvani kilidorora hadi familia hiyo iliporudi mwaka 1985. Bibi yangu husema kwamba miaka hiyo sukari, chumvi na sabuni vilitafutwa kwa foleni au kwa magendo.

Supamaketi kubwa zilikuja baadaye, nyingi zikikaa Kampala: Shoprite mwaka 2000, Uchumi mwaka 2002, Nakumatt mwaka 2009. Uchumi ilifunga maduka yake ya Uganda mwaka 2015 na Nakumatt ikafuata mwaka 2017. Zote mbili zilikuwa zimelemewa na madeni ya wasambazaji. Msambazaji asiyelipwa huacha kuleta, rafu hubaki tupu, na mteja huenda kwingine. Ni yale yale ya mafuta mingi, ingawa safari hii hakukuwa na amri ya serikali. Shoprite ni tofauti kidogo: kampuni iliamua kuondoka mwaka 2021, na Carrefour ikachukua maduka yake.

Tukilinganisha, supamaketi hukopa kwa msambazaji na kumuuzia mteja kwa pesa taslimu. Duka la Malukhu hufanya kinyume: mama hununua kwa taslimu, kisha huwakopesha majirani kwa kuandika kwenye daftari. Tena huuza kwa vipimo vidogo, sukari robo kilo, mafuta ya kupikia kikombe kimoja. Ndiyo maana kaya moja huweza kwenda supamaketi mwisho wa mwezi kununua mchele na sabuni, ikanunua matoke na nyanya katika Soko Kuu la Mbale, lililojengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na jioni ikamtuma mtoto dukani kwetu. Wanaoshindana hapa hugombea sehemu ya kikapu tu, wala si mteja mzima.

Anaweza kusema msomaji kwamba bei ya supamaketi hatimaye itatushinda. Bei ina nguvu, sikatai. Lakini duka letu lilikaribia kufungwa mara moja tu, mwaka 2020, wakati wa zuio la korona. Majirani waliopoteza vibarua walikopa na hawakuweza kulipa, mama akakosa pesa ya kujaza rafu. Hakuna supamaketi iliyohusika. Duka lilisimama tena pale muuzaji wa jumla alipompa mama, kwa mara ya kwanza, katoni mbili za sabuni kwa ahadi tu.

Kwa hiyo mwanahistoria anayetaka kujua kwa nini duka fulani lilikufa asianze kwa kuhesabu washindani wake. Aombe kwanza kuona daftari la madeni.