Muziki Uliobebwa na Wanafunzi

Katika jubilii hii tunasimulia habari za mpiga kinanda mmoja wa zamani, kwa sababu zina somo kwetu.

Jan Pieterszoon Sweelinck alizaliwa Deventer, Uholanzi, mwaka 1562. Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, tayari alikuwa mpiga kinanda wa Oude Kerk, yaani Kanisa la Kale, mjini Amsterdam. Aliitumikia kazi hiyo zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 1621.

Kinanda chake hakikuwa kama hiki chetu cha betri ya sola. Kilikuwa cha mabomba, na watu walisukuma mivukuto ili upepo upite ndani yake. La ajabu ni kwamba tangu mwaka 1578 mji ulishika mafundisho ya Calvin, na kinanda hakikutakiwa katikati ya ibada. Zaburi ziliimbwa kwa sauti tupu. Mji ndio uliomlipa Sweelinck, naye alipiga kabla na baada ya ibada.

Moja ya kazi zake inaitwa kwa Kijerumani Mein junges Leben hat ein End, maana yake "Maisha yangu ya ujana yamefika mwisho". Anachukua wimbo mfupi na kuupiga kwa namna sita. Noti zinazidi kuwa ndogo na za mbio, mikono inapokezana, na bado wimbo ni ule ule.

Zaburi zote 150 alizotungia kwaya zilichapishwa. Lakini muziki wake wa kinanda haukuchapishwa akiwa hai. Tunao leo kwa sababu wanafunzi na wapenzi wake waliunakili kwa mkono. Vijana kama Samuel Scheidt na Heinrich Scheidemann walitoka Ujerumani, wakajifunza kwake, wakarudi kwao na ujuzi wake.

Nasi je? Hapa Hulugho wengi wetu ni walimu, wauguzi na askari. Barua ya uhamisho ikija, sauti moja inaondoka. Wimbo wetu wa kwanza wa sadaka, ule wa waanzilishi, leo hakuna kati yetu anayekumbuka sauti ya pili. Aliyeijua alihamishwa, na hatukuwa tumeiandika.

Kwa hiyo tumenunua daftari kubwa. Kila wimbo utaandikwa kwa solfa, sauti zote nne, na kila anayehama ataondoka na nakala yake. Nawe uliyehama zamani, kama kijitabu hiki kimekufikia na bado unaikumbuka ile sauti ya pili, tafadhali tuandikie. Tutaiimba tena.